Eutanasia na Mateso ya Ugonjwa Usiotibika kwa Mtazamo wa Kikristo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wagonjwa, jamaa wanaowauguza na viongozi wa makanisa huyarudia pale ugonjwa unapofika mahali ambapo tiba haiponyi tena. Majibu yanafuata mafundisho ya madhehebu makuu ya Kikristo, na pale yanapotofautiana tofauti hiyo imetajwa. Uamuzi kuhusu dawa na vipimo vya mgonjwa fulani unabaki kwa daktari anayemtibu.

## Maana ya maneno

1. Eutanasia ni nini hasa?

Neno hili limetoka katika Kigiriki, na maana yake ya asili ni kifo chema. Kwa matumizi ya leo ni tendo la kumuua mgonjwa kwa makusudi, mara nyingi kwa sindano ya dawa, ili kumwondolea mateso. Wapo wanaoliita kifo laini au kifo cha huruma. Hapa tumebaki na eutanasia, kwa sababu majina hayo mawili hutoa hukumu kabla mjadala haujaanza.

Tamko la Vatikani la mwaka 1980 kuhusu suala hili liliweka kipimo ambacho Wakristo wa madhehebu mengine pia hukitumia: hutazamwa nia ya anayetenda na njia anayoitumia. Daktari anaweza kuwa na huruma ya kweli moyoni. Linaloulizwa ni kama amekusudia maumivu yaishe, au amekusudia mwenye maumivu aishe.

2. Kujiua kwa kusaidiwa na daktari ni jambo tofauti?

Kisheria ndiyo. Katika eutanasia daktari ndiye anayetoa dawa ya kuua; katika kujiua kwa kusaidiwa daktari huandika dawa na mgonjwa huimeza mwenyewe. Jimbo la Oregon nchini Marekani, ambalo sheria yake ilipigiwa kura mwaka 1994 na kuanza kutumika mwaka 1997, linaruhusu njia hii ya pili tu, ilhali sheria ya Uholanzi iliyoanza kutumika mwaka 2002 inaruhusu zote mbili. Kwa maadili ya Kikristo tofauti hii haibadilishi sana uzito wa tendo, kwa kuwa katika njia zote mbili kifo ndicho kilichokusudiwa.

3. Je, kuacha matibabu nako ni eutanasia?

Hapana, na huenda hili ndilo jibu ambalo familia nyingi hulihitaji kuliko mengine yote, kwa sababu kutolijua kumewafanya watu wengi kumlazimisha mgonjwa aliye kufani apitie upasuaji na mashine zisizomfaa, wakidhani kwamba kukataa ni kuua.

Fundisho lenyewe ni la zamani. Wanateolojia wa Hispania wa karne ya 16, akiwamo Francisco de Vitoria, walikwisha kusema kwamba mtu analazimika kutunza uhai wake kwa njia za kawaida, wala halazimiki kutafuta vyakula na dawa za gharama kubwa au zenye kumtesa kupita kiasi. Papa Pius XII alilirudia mwaka 1957 alipowajibu madaktari wa usingizi waliouliza kuhusu mashine za kupumulia. Siku hizi hupendelewa kuulizwa kama tiba ina uwiano: je, faida inayotarajiwa inalingana na mzigo itakaomtwisha mgonjwa?

Kwa hiyo hakuna orodha ya tiba za lazima na zisizo za lazima. Dawa ileile ya nimonia ambayo ni wajibu kumpa kijana mwenye matumaini ya kupona, inaweza kuwa si wajibu kwa mtu ambaye saratani imeenea mwilini na ambaye siku zake zimebaki chache. Anayeacha tiba isiyo na uwiano anakubali kwamba ugonjwa umeshinda dawa, na kinachomuua ni ugonjwa. Mifano mahususi iko katika swali la 11 na la 12.

## Maandiko na makanisa

4. Biblia inasema nini kuhusu eutanasia?

Hakuna aya inayoitaja. Hoja ya Kikristo hujengwa kwanza juu ya amri ya "Usiue" (Kutoka 20:13), na juu ya imani kwamba uhai ni amana: "Nyakati zangu zimo mikononi mwako" (Zaburi 31:15), na tena, kwa maneno ya Paulo, hakuna mtu miongoni mwetu aishiye kwa nafsi yake wala afaye kwa nafsi yake (Warumi 14:7).

Kisa kinachotajwa sana ni cha Mwamaleki aliyemwendea Daudi na kusema kwamba alimmaliza mfalme Sauli kwa ombi la Sauli mwenyewe, aliyekuwa amejeruhiwa vibaya (2 Samweli 1). Daudi aliamuru auawe. Kisa hiki kinafanana mno na mjadala wetu, lakini kinahitaji tahadhari ambayo wahubiri wengi huiruka: sura iliyotangulia inasema Sauli aliuangukia upanga wake mwenyewe, kwa hiyo huenda Mwamaleki alidanganya ili apate zawadi, na Daudi alimhukumu kwa sababu alinyosha mkono juu ya masihi wa Bwana. Si busara kukibebesha kisa hiki hoja yote.

Yenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni maombi ya wale waliotamani kufa. Musa aliomba auawe kwa kulemewa na watu (Hesabu 11:15). Eliya alisema, "Yatosha, sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu" (1 Wafalme 19:4). Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekaripiwa kwa kutamani hivyo, na hakuna aliyepewa alichokiomba; Eliya aliguswa na malaika, akapewa mkate na maji, akaachwa alale tena.

5. Je, makanisa yote yana msimamo mmoja?

Mengi yanapinga, ingawa si kwa sauti moja wala kwa hoja moja. Kanisa Katoliki limelieleza jambo hili kwa kirefu zaidi: Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Evangelium Vitae wa mwaka 1995, aliitaja eutanasia kuwa uvunjaji mzito wa sheria ya Mungu, na mwaka 2020 Vatikani ikatoa barua Samaritanus Bonus inayohusu hasa uangalizi wa wagonjwa walio katika hatua za mwisho. Makanisa ya Kiorthodoksi huipinga vilevile, na liturujia yao ina ombi linalostahili kujulikana zaidi, la kuomba mwisho wa Kikristo wa maisha yetu, usio na maumivu, usio na aibu na wenye amani. Yaani kuomba kifo kisicho na maumivu ni sala ya Kanisa. Maaskofu wa Kianglikana waliokutana katika Mkutano wao mkuu wa Lambeth mwaka 1998 walikataa eutanasia, huku wakieleza kwamba kuacha tiba iliyozidi si eutanasia. Waprotestanti wa kiinjili kwa sehemu kubwa wako upande huohuo.

Sauti za upande wa pili zipo, na si za watu wadogo. Askofu Mkuu Desmond Tutu alitangaza mwaka 2016, akitimiza miaka 85, kwamba angependa apewe nafasi ya kuchagua kifo cha kusaidiwa. George Carey, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alibadili msimamo wake mwaka 2014. Mwanateolojia Mkatoliki Hans Küng alitetea haki ya mgonjwa kuamua. Hoja yao kwa ufupi ni kwamba Mungu aliyemkabidhi binadamu wajibu juu ya maisha yake hakumnyang'anya wajibu huo katika siku za mwisho, na kwamba huruma ya Kristo haiwezi kumlazimisha mtu afe kwa mateso yasiyo na faida.

Hoja hiyo haipuuzwi kwa kunukuu amri ya "Usiue" na kufunga kitabu. Jibu la makanisa ni kwamba zawadi ya uhai inatunzwa, haimilikiwi kwa namna ya kuiteketeza, na kwamba haki ya mmoja kufa hugeuka haraka kuwa shinikizo kwa mwingine aliye maskini, mzee au mlemavu. Lakini jibu hilo lina deni ndani yake. Kanisa linalokataa sindano ya kifo na lisilofika kumwona mgonjwa, wala kudai apatiwe dawa ya maumivu, limetimiza nusu tu ya fundisho lake lenyewe.

6. Sheria ya nchi ikiruhusu, bado ni dhambi?

Sheria hueleza kile ambacho dola haitakiadhibu. Ubelgiji iliruhusu eutanasia mwaka 2002, Kanada mwaka 2016, Uhispania mwaka 2021, na mafundisho ya makanisa yanayoipinga hayakubadilika ndani ya mipaka ya nchi hizo.

7. Mnyama anayeteseka tunammaliza kwa huruma. Kwa nini binadamu tumwache ateseke?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na linastahili jibu zaidi ya kusema kwamba binadamu si mnyama. Tunammaliza mnyama kwa sababu mara nyingi hatuna kitu kingine cha kumpa: hatuwezi kumweleza kinachomsibu, hawezi kusamehe wala kusamehewa, hana neno la kumwachia mwanawe. Binadamu aliye kufani anaweza yote hayo, na wauguzi wa muda mrefu wanajua kwamba majuma ya mwisho huwa na mapatano ambayo miaka arobaini ya afya haikuyaleta. Hata hivyo sehemu ya pili ya swali inakosea: anayekataa eutanasia hajasema binadamu aachwe ateseke. Tazama swali la 8 na la 9.

## Maumivu na maana ya mateso

8. Kristo aliteseka. Je, Mkristo akatae dawa za maumivu?

Hapana. Wapo wanaotaja kwamba Yesu alipopewa mvinyo iliyotiwa manemane hakuipokea (Marko 15:23), na watakatifu kadhaa walimwiga. Tamko la mwaka 1980 linaheshimu uamuzi wa mtu anayependa kuyapokea maumivu fulani akiwa na akili timamu, lakini linasema wazi kwamba ushujaa wa namna hiyo hauwezi kuwa kanuni kwa wote. Isitoshe, Yesu huyohuyo aliomba Gethsemane kikombe kimwepuke.

Yohane Paulo wa Pili aliandika barua nzima kuhusu mateso mwaka 1984, Salvifici Doloris, akiyaunganisha maumivu ya mgonjwa na ya Kristo kwa kufuata Wakolosai 1:24. Ni fundisho zito na limewafariji wengi. Inasahaulika tu kwamba barua hiyo, ikikaribia mwisho, inamgeukia Msamaria Mwema, aliyemwona majeruhi njiani na kumfunga majeraha. Mtu anaweza kuyatoa maumivu yake kama sadaka. Hana ruhusa ya kuyatoa ya mwenzake, wala mchungaji asimwambie mgonjwa avumilie pale daktari anapoweza kumtuliza.

9. Je, mofini huharakisha kifo, na kama huharakisha, si eutanasia ya kichinichini?

Mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, inayopimwa kulingana na maumivu na kuongezwa taratibu kwa kawaida haimuui mgonjwa, na kwa wengi hofu hiyo ndiyo inayowanyima usingizi wa usiku mmoja. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa ngazi za dawa za maumivu ya saratani, kutoka dawa nyepesi hadi mofini, na msingi wake umeendelea kufundishwa.

Hata pale dozi kubwa inapokuwa na hatari ya kufupisha maisha, Pius XII alikwisha kujibu mwaka 1957 kwamba inaruhusiwa, ikiwa hakuna njia nyingine na ikiwa mgonjwa hazuiwi kutimiza wajibu wake wa kidini na kimaadili. Kanuni iliyo nyuma ya jibu hilo huitwa ya matokeo mawili, na mzizi wake hutafutwa kwa Thomas Aquinas aliyezungumzia kujilinda: tendo moja linaweza kuleta jambo jema lililokusudiwa na baya lililoonekana kwa mbali bila kutakwa. Kipimo cha vitendo ni dozi yenyewe. Anayetuliza maumivu huongeza mpaka maumivu yatulie, kisha hukoma.

10. Mgonjwa anasema amechoka kuwa mzigo na anataka kufa. Tumjibu nini?

Kwanza, asihubiriwe. Ombi la kufa mara nyingi lina kitu nyuma yake: maumivu yasiyotibiwa vizuri, sonona, hofu ya kukosa pumzi, deni, ugomvi na mtoto. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha ofisa ustawi wa jamii, kisha daktari, na Mkristo wa dhati, alianzisha hospisi (kituo cha kuwauguza walio kufani) ya St Christopher's mjini London mwaka 1967 akiwa na wazo kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya mahusiano na ya roho kwa pamoja, na kwamba kutibu moja na kuacha mengine hakumtulizi. Kutokana na kazi yake ilikua tiba shufaa, yaani uangalizi unaolenga kumpunguzia mgonjwa dhiki badala ya kuuponya ugonjwa.

Ripoti za kila mwaka za Oregon zinaunga mkono wazo hilo kwa namna isiyotarajiwa. Sababu zinazotajwa zaidi na waombaji ni kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo, kushindwa kufanya yaliyowafurahisha, na kuhisi kwamba wamevuliwa heshima. Maumivu hutajwa na wachache zaidi. Kwa hiyo "mimi ni mzigo" ni sentensi kuhusu watu walio karibu naye. Paulo aliposema "Mchukuliane mizigo" (Wagalatia 6:2) hakukana kwamba mizigo ipo. Mgonjwa huamini zaidi akiona ratiba ya nani atalala naye Jumanne kuliko akisikia kwamba yeye si mzigo hata kidogo, jambo ambalo yeye na wanaomuuguza wanajua si kweli.

## Maamuzi kando ya kitanda

11. Mashine ya kupumulia ikizimwa, nani amemuua mgonjwa?

Ikiwa madaktari wamethibitisha kwamba ubongo wote umekufa, mtu huyo, kwa mtazamo unaokubaliwa na makanisa mengi, ameshafariki na mashine inapitisha hewa tu. Ikiwa bado yu hai lakini mashine inarefusha kufa bila tumaini la nafuu, kuiondoa kunafuata kanuni ya swali la 3. Wengi hupata shida zaidi kuizima kuliko kutoiwasha tangu mwanzo. Kimaadili ni jambo moja, na ni afadhali kujaribu tiba kisha kuiacha ikishindwa kuliko kuogopa kuianza.

12. Na chakula na maji kwa mrija?

Hapa Wakristo hawakubaliani. Kanisa Katoliki lilifundisha mwaka 2004 na kurudia mwaka 2007 kwamba kumpa chakula na maji mgonjwa aliyepoteza fahamu kwa muda mrefu, hata kwa mrija, ni wajibu wa kawaida wa msingi maadamu mwili unanufaika navyo. Waprotestanti wengi huuhesabu mrija kuwa tiba kama nyingine, inayoweza kuachwa.

Katika siku za mwisho kabisa mgawanyiko huu hupungua. Mwili unaojifunga haupokei tena chakula, na maji ya dripu yanaweza kujaa mapafuni au kuvimbisha miguu. Mgonjwa wa namna hiyo hafi kwa njaa. Midomo yake hulowanishwa, naye hupewa tone analoliomba.

13. Je, inaruhusiwa kumlaza mgonjwa usingizi mzito mpaka mwisho?

Inaruhusiwa pale dhiki imeshindikana kwa njia nyingine zote, mgonjwa ameridhia, na lengo ni kuituliza dhiki hiyo. Kwa kuwa huenda asiamke tena, aage kwanza, aungame au asali kwa kadiri ya imani yake, na Mkatoliki apokee Mpako wa Wagonjwa na Komunyo ya njiani.

14. Kukubali kwamba mgonjwa anakufa si kukosa imani katika uponyaji?

Maombi ya uponyaji yana agizo la Yakobo 5:14, na hayaishi kwa sababu tiba imeachwa. Lakini Mungu anayeaminiwa kuponya hahitaji mashine ibaki imewashwa ili apate nafasi. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:9), na hakuna anayesema Paulo alikosa imani. Wanaomwambia mgonjwa kwamba angeamini zaidi angepona humwongezea hatia juu ya saratani.

15. Ni dhambi kuomba Mungu amchukue mgonjwa?

Si dhambi. Tazama Eliya katika swali la 4, na Paulo aliyetamani kwenda kukaa na Kristo (Wafilipi 1:23). Kuomba ni kumwachia Mungu. Kutenda kwa niaba yake ni jambo jingine.

## Maswali magumu zaidi

16. Nilimpa mama dozi yake ya mofini ya jioni, akafariki usiku. Je, nilimuua?

Ikiwa ulimpa dozi uliyoelekezwa, kwa ajili ya maumivu, jibu ni hapana. Kila anayekufa kwa ugonjwa mrefu huwa na dozi ya mwisho, na lazima mkono wa mtu fulani uitoe. Ukaribu wa saa haufanyi dawa kuwa sababu. Wasiwasi ukiendelea, mwulize daktari au muuguzi aliyemhudumia akueleze dozi ile ilikuwa kiasi gani. Ni swali ambalo wamelizoea.

17. Ndugu yetu alichagua eutanasia. Je, azikwe kikanisa, na tuna tumaini gani?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inasema kwamba hofu kubwa ya mateso inaweza kupunguza uwajibikaji wa anayejiua, na kwamba hatupaswi kukata tamaa kuhusu wokovu wake wa milele (aya ya 2282–2283). Makanisa mengine hufundisha kwa namna inayokaribiana. Katika mazishi uamuzi huachiwa mchungaji au askofu, na kwa kawaida sala kwa ajili yake na kwa wafiwa hazikataliwi. Tendo linaweza kuhesabiwa kuwa kosa zito bila mtu kuhukumiwa, maana hakuna aliye hai anayejua kilichopita moyoni mwake saa ile.

18. Mchungaji akiombwa abaki chumbani wakati sindano inatolewa, afanye nini?

Samaritanus Bonus inataka mhudumu asiache kumsindikiza mgonjwa, ila asiwepo kwa namna inayoweza kufasiriwa kuwa ni kuidhinisha tendo, kama kubaki hadi litekelezwe. Wapo wachungaji wa madhehebu mengine wanaobaki, wakisema kwamba kumshika mtu mkono si kukubaliana naye. Naona uzito wa hoja zote mbili. Aliyetoka lazima awe amefika mapema na mara nyingi, na arudi kwa familia saa ileile, la sivyo kutoka kwake kutasomeka kama kutelekeza.

19. Mimi si daktari wala mchungaji. Nikienda kumwona, niseme nini?

Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno (Ayubu 2:13), na hilo ndilo jema walilolifanya. Walipofungua vinywa kueleza kwa nini anateseka, Mungu aliwakasirikia (42:7). Ukiulizwa kama ugonjwa ni adhabu, Yesu alishajibu swali la namna hiyo: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake" (Yohana 9:3). Mengine ni madogo. Kaa chini badala ya kusimama mlangoni. Uliza kama anataka kusomewa zaburi au anataka kimya. Akisinzia usiondoke kwa kunyata. Mwachie ujumbe kwa anayemuuguza kwamba utarudi siku gani, kisha urudi siku hiyo.